Picha za mtaani Dar: naanzaje kupiga maisha ya kila siku Kariakoo na Feri?

lenzi_mpya

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Naomba msaada wa wanaozijua picha za mtaani. Sizungumzii harusi wala picha za modo. Nazungumzia maisha ya Dar kama yalivyo: mnada wa samaki Feri, vijana wa mikokoteni Kariakoo, mama lishe, wauza kahawa, makonda na wapiga debe. Nataka mtu akizitazama baada ya miaka ishirini aone mji ulivyokuwa, watu walivyovaa, na bei zilivyoandikwa kwa chaki kwenye vibao.

Nina Canon 2000D na lenzi yake ya kawaida ya 18-55, pamoja na simu ya Tecno. Muda wangu ni Jumamosi na Jumapili.

Yanayonishinda ni haya. Nyuso zinatoka giza, hasa mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga. Picha nyingi zina ukungu, na kabla kamera haijapata fokasi tukio limeshapita. Nyingine ni migongo mitupu, kwa sababu nasimama mbali na kuvuta mpaka milimita 55. Na nikiinua kamera Mtaa wa Kongo, kelele zinaanza: "Unatupiga picha za nini wewe?" Je, niombe kwanza, au nipige halafu niombe? Nikiomba kwanza si wataanza kupozi?

Natanguliza shukrani.

Kivuli_cha_Mwembe

Karibu sana mkuu. Mimi nianze na kamera. Mambo ya watu watakuja wanaoyajua zaidi.

Lenzi hiyo inatosha. Iweke kwenye milimita 18 na uiache hapo kwa mwezi mzima. Kwa kamera yako, 18 inaona karibu sawa na milimita 28 kwenye kamera za filamu ya milimita 35, na huo ni upana unaopendwa sana na wapiga picha wa mtaani. Utalazimika kusogea mpaka mita mbili kutoka kwa mtu, na hapo tatizo la migongo linaisha lenyewe.

Ukungu wako una sababu ya hesabu. Ukiwa na milimita 55, f/8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na mtu yuko mita 2, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 40 tu. Akitikisika mbele au nyuma, umemkosa. Ukiwa na milimita 18, f/8, fokasi ikiwa mita 2, kila kitu kuanzia mita 1 hivi hadi mbali kabisa kinatoka kikali. Kwa hiyo usiiache kamera itafute fokasi barabarani. Ipange nyumbani hivi: simama mita 2 kutoka kwenye nguzo (urefu wa mlango wa kawaida ni karibu kipimo hicho), fokasi kwenye nguzo, kisha sogeza swichi iliyo ubavuni mwa lenzi kutoka AF (kamera inatafuta fokasi yenyewe) kwenda MF (unaipanga kwa mkono). Halafu funga pete zote mbili, ya zoom na ya fokasi, kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Usipofunga, pete itasogea kwenye mfuko au mtu akikugonga, na utagundua jioni wakati picha zote zimeharibika. Baada ya hapo kubonyeza ni papo hapo.

Mwanga: tumia M, yaani unaweka vipimo vyote mwenyewe. Anza na vipimo vitatu uvikariri kama namba yako ya simu. Juani: f/8, 1/1000 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga), ISO 200 (wepesi wa kamera kuuona mwanga). Kivulini kando ya barabara: f/8, 1/250, ISO 400 hadi 800. Chini ya paa la soko: f/4, 1/125, ISO 1600 hadi 3200. Angalia hicho cha tatu: ukifungua f/4, eneo kali linapungua, linakuwa kuanzia mita 1.4 hadi 3.7 tu, kwa hiyo lazima ukadirie umbali vizuri zaidi. Kwa mtu anayetembea, 1/250 inatosha. Anayesukuma mkokoteni kwa kasi au anayerusha samaki, nenda 1/500. Chini ya 1/125 mikono ya mtu anayefanya kazi itavutika, hata kama wewe umetulia kama jiwe.

Sasa nyuso. Kipimo cha mwanga kwenye kamera hakijui kwamba kinatazama mtu. Kinataka wastani wa picha nzima uwe kijivu cha katikati. Ukuta mweupe, kanzu au anga vikijaa kwenye fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi na inapunguza, na uso mweusi unazama. Kinyume chake pia hutokea: uso mweusi ukijaa fremu nzima, kamera inaongeza mwanga mpaka ngozi inapauka na kuwa kama majivu. Watu wengi wanalijua kosa la kwanza, la pili hawalioni kabisa, na ndilo linaloharibu picha nyingi za watu wetu. Ukiwa kwenye M, ukuta mweupe ukipita nyuma ya mtu haubadilishi chochote, kwa sababu vipimo umeviweka wewe. Piga picha moja ya majaribio kwenye mwanga ule ule, tazama ngozi kwenye kioo, rekebisha ISO hatua moja juu au chini (yaani mara mbili au nusu), basi. Kama mtu ana mwanga mgongoni, ongeza hatua moja na kubali anga iwe nyeupe. Uso ndio habari.

Weka RAW (faili ghafi lenye taarifa zote za picha), si JPEG peke yake. Kadi ya GB 32 itabeba karibu picha elfu moja.

Saa. Hapa Dar jua linapanda wima na kushuka wima. Linafika juu kabisa kati ya saa 6:05 na 6:40 mchana kutegemea mwezi, na mwezi Machi na Oktoba mwanzoni linakaa utosini hasa, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Piga kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi, na kuanzia saa 10:45 jioni. Jua likishatua una dakika ishirini na kidogo tu kabla ya giza, usijipe matumaini ya jioni ndefu. Mchana wa saa sita ingia kwenye vivuli: varanda za maduka, chini ya miti, kwenye milango. Mtu aliyesimama hatua moja ndani ya mlango akitazama nje anapata mwanga mzuri kuliko studio nyingi.

Jambo moja la Kariakoo ambalo hutaambiwa kwenye video za YouTube: maturubai. Chini ya turubai la bluu kila uso unakuwa wa bluu, chini ya mwavuli mwekundu unakuwa mwekundu, na nusu ya uso inayopata mwanga wa nje inabaki na rangi yake. Hakuna kipimo kimoja cha WB (urari wa rangi) kitakachoponya pande zote mbili. Ama mngoje atoke ukingoni, ama ipeleke picha hiyo kwenye nyeusi na nyeupe.

Dada_Lenzi

Kivuli amemaliza upande wa kamera. Mimi nitajibu ule wa kelele.

Kwanza elewa kwa nini wanapiga kelele. Mwaka 2021 machinga waliondolewa barabarani na kupelekwa maeneo mengine. Kwa mtu aliyepanga bidhaa pembeni mwa njia, mgeni mwenye kamera nyeusi anaweza kuwa mtu wa halmashauri anayekusanya ushahidi. Mwenye duka anawaza risiti na kodi. Mwingine anaamini picha yake inakwenda kuuzwa kwa wazungu na yeye hapati kitu. Hawa wote wana haki ya kuuliza. Ukijibu kwa hasira kwamba barabara ni ya umma, umefunga mlango wa mtaa mzima kwa miezi.

Mimi nagawa hivi. Mtu anayepita njiani, katika umati, piga bila kuomba. Akikuona, usigeuke upande mwingine kama uliyeiba. Shusha kamera, msalimie, mwonyeshe picha. Lakini mtu aliye kwenye kazi yake mahali pamoja, mama wa chapati, fundi cherehani, kinyozi, mng'arisha viatu, huyo muombe kwanza. Pale ni kwake, wewe ni mgeni na unabisha hodi.

Namna ya kuomba ina uzito kuliko kuomba kwenyewe. Kamera iwe imening'inia shingoni, isiwe usoni. Mzee mwamkie shikamoo, usubiri akujibu marahaba, usirushe ombi juu ya salamu. Rika lako, "pole na kazi" inafungua milango mingi. Kisha jitaje jina, sema unajifunza kupiga picha za kazi za watu wa Dar, na omba kupiga *kazi* yake: "Mama, naomba nipige mikono yako ukisukuma chapati." Mtu anayeombwa picha ya kazi anaendelea kufanya kazi. Anayeombwa picha yake mwenyewe anajinyoosha, anafuta jasho na kusimama kama wa kitambulisho.

Kuhusu kupozi: watapozi, na si tatizo. Pokea hizo picha tatu nne za mwanzo kwa moyo mweupe, zipige vizuri, waonyeshe, wacheke. Kisha usiondoke. Kaa, kunywa chai, nunua vitumbua. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini wateja wanakuja, sufuria linachemka, na wewe umekuwa kama benchi. Picha unazozitaka zinaanza hapo. Wengi wanaondoka dakika ya tano halafu wanalalamika kwamba watu wa Dar wanapozi.

Usilipe kwa ajili ya picha. Ukimlipa mmoja, jirani yake atadai, na kuanzia siku hiyo kila anayekuja na kamera atakutana na bei. Nunua anachouza, kwa bei yake. Na mrudishie picha iliyochapwa. Inchi 4 kwa 6 ndiyo inayofaa, kwa sababu uwiano wake ni sawa na wa Canon yako, hakuna kinachokatwa. Picha ya simu mara nyingi ni ya uwiano wa 4 kwa 3, ikichapwa 4 kwa 6 iliyolala inakatwa juu na chini, iliyosimama inakatwa kando, kwa hiyo acha nafasi kichwani na pembeni. Siku ya pili ukifika na bahasha ya picha, atakayekutambulisha kwa majirani ni mama huyo huyo.

Akisema hapana, ni hapana. Kama ulishapiga, ifute mbele ya macho yake bila ubishi.

Watoto usiwapige bila mzazi au mlezi kuwapo na kukubali, hasa walio na sare yenye nembo ya shule. Waliolala barabarani, wagonjwa, waliolewa, wanaoomba: waache. Picha ya namna hiyo ni rahisi kupiga kwa sababu mwenyewe hawezi kukataa, na hiyo ndiyo sababu ya kutokuipiga.

Negativu_ya_Zamani

Dada nakuheshimu, ila kwenye kuomba kwanza tunatofautiana kidogo. Ukiwaomba wote, utarudi na picha mia za watu wanaokutazama. Kuna njia ya katikati ambayo haimvizii mtu na haimfanyi apozi: kusimama.

Usianze kwa kutafuta mtu. Tafuta jukwaa. Yaani sehemu yenye mwanga mzuri, mandhari safi nyuma, na sababu ya watu kupita. Mfano Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga: kanga zimetundikwa, rangi zimejaa, jua la jioni linaingia kwa ubavu, na kila dakika anapita mtu na mzigo kichwani. Simama hapo nusu saa, kamera mkononi waziwazi. Kila mtu anakuona. Anayekereka atapita upande wa pili, na wengine wanaingia wenyewe kwenye fremu yako. Umesimama, wao ndio wanaokuja, na hisia ya kuviziwa haipo.

Ukishasimama unapata muda wa kutazama yale ambayo mtu anayetembea hayaoni. Nyaya za umeme zinazotoka kichwani mwa mtu kama pembe: sogea hatua moja kushoto. Miguu iliyokatwa kwenye kifundo: rudi nyuma au kata juu kabisa ya magoti. Watu wawili waliogandana kuwa doa moja jeusi: ngoja mpaka mwanga uonekane kati yao. Pembe nne za fremu zitazame kabla ya kubonyeza, maana kwa milimita 18 lazima kuna ndoo au bega la mtu limeingia pembeni.

Aliyeketi mpige ukiwa umechuchumaa, lenzi iwe usawa wa macho yake. Picha nyingi za wauza mboga zinapigwa kutoka juu na zinawafanya waonekane wadogo. Ni kosa la magoti tu, linarekebishika siku hiyo hiyo.

Na ngoja ishara ya mwili. Muuza kahawa akiinua dele na kahawa ikawa hewani. Konda akiwa nusu ndani nusu nje ya mlango, noti zimekunjwa kati ya vidole. Mcheza drafti aliyeinua kizibo na bado hajakishusha. Usitegemee kamera kurusha picha mfululizo. Yako inapiga 3 kwa sekunde, na kati ya ya kwanza na ya pili ishara imeshapita. Jifunze mdundo wa kazi. Kila kazi ina mdundo, ukiutazama mara tano, ya sita unaujua.

Daladala ukitaka itoke kali huku nyuma kukiwa kumevutika, weka 1/30, ifuate kuanzia mbali kwa kiuno chako, bonyeza ukiendelea kugeuka, na usisimame baada ya kubonyeza. Fanya jioni au barabara ikiwa kivulini. Jua la mchana halikubali 1/30, hata kwa ISO 100 na f/22 picha inaungua.

Dada_Lenzi

Nakubaliana na kusimama, Negativu. Nisisitize neno lako moja: waziwazi. Kamera iliyofichwa kwenye khanga au kupigia kiunoni ni jambo lingine kabisa, na ukigundulika hakuna maelezo yatakayokuokoa.

simu_tu

Mkuu usiidharau Tecno. Ndani ya daladala na kwenye foleni ya kivuko simu inapenya kuliko Canon. Kabla ya yote zima urembo kwenye kamera, maana unafuta makunyanzi ya wazee na kuwapausha ngozi, na hiyo si rekodi tena, ni kipodozi. Futa kioo cha lenzi kwa fulana kavu, mafuta ya kidole ndiyo yanayoleta ule ukungu kwenye taa. Usivute kwa vidole, sogea. Gusa uso na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifunge, kisha shusha kidogo kile kijua pembeni. Bonyeza kwa kitufe cha sauti. Na washa mistari ya kugawa fremu, itakusaidia upeo wa bahari usilale upande.

Mlinzi_wa_Kadi

Naongeza ya usalama na sheria, hayajaguswa.

Maeneo ya ulinzi usipige kabisa: kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu, bandari, uwanja wa ndege. Hili ni la kuzingatia sana kwako kwa sababu soko la Feri liko Magogoni, jirani kabisa na Ikulu, na mlango wa bandari uko mbele yako. Kamera yako iwe inaelekea kwenye samaki na watu wa samaki. Ukitaka kufanya kazi pale kwa wiki kadhaa, nenda kwanza ofisi ya soko ueleze. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako inasaidia sana hata kama si kibali. Mtu mwenye karatasi yenye mhuri anazungumziwa tofauti. Ndani ya vituo vya mwendokasi na masoko yenye uongozi, uliza wahusika kabla ya kupiga.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Kwa kujifunza na kuonyesha kazi, kuwa mwangalifu na maelezo unayoandika: usiweke jina na mahali pa kazi pa mtu mtandaoni bila ridhaa yake. Ikitokea kampuni inataka picha kwa tangazo, hapo lazima ridhaa ya maandishi ya aliye kwenye picha, hakuna mjadala.

Feri kwenyewe: fika alfajiri, saa 12, mnada umechangamka na jua linatokea upande wa bahari. Vaa gambuti au viatu visivyoteleza, sakafu imejaa maji na magamba. Usisimame kwenye njia ya wabebaji; ukisikia "njia, njia!" ruka pembeni kwanza, picha baadaye. Maji ya chumvi yakirukia kamera, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, siku hiyo hiyo. Chumvi ikikauka inakula skrubu na inakwama kwenye pete.

Ukitoka chumba cha kiyoyozi usiitoe kamera mara moja, lenzi itaota jasho hata ndani. Iache kwenye mfuko uliofungwa dakika 20 hadi 30. Nyumbani ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, ukivibadilisha mara kwa mara. Joto na unyevu wa pwani vinaotesha kuvu kwenye vioo, na kuvu ikiingia ndani fundi atakutoza zaidi ya bei ya lenzi hiyo.

Mkanda uvae kwa kukatiza kifua, usining'inize bega moja. Upande wa barabara usiutumie kushikia kamera, vibaka wa pikipiki wanapora kwa kupita. Usibadilishe kadi katikati ya umati. Nenda na mwenzako asiye na kamera, yeye atazame watu wakati wewe umetazama kwenye tundu la kamera.

lenzi_mpya

Asanteni sana wakubwa zangu. Jumamosi na Jumapili hizi mbili nimefuata: 18, f/8, utepe, Mtaa wa Uhuru na Feri. Ukungu umeisha na nyuso zinaonekana. Sasa nina picha kama 600 na nyingi zinafanana. Nazichaguaje, na nazifanya kuwa kazi moja badala ya rundo?

Negativu_ya_Zamani

Hongera. Sasa punguza. Mji mzima ni mkubwa mno kwa mtu mwenye siku mbili za wiki. Chagua sehemu moja yenye mipaka unayoweza kuizunguka kwa dakika kumi: kituo kimoja cha daladala, kijiwe kimoja cha kahawa, kanda moja ya Feri, au soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo. Rudi mara kumi na mbili, kwa saa tofauti na hali tofauti za hewa. Mvua ya masika inabadilisha mtaa kuliko lenzi yoyote. Ziara tatu za kwanza utapiga kile ambacho kila mtu anakipiga. Kuanzia ya nne utaanza kujua nani anafungua wa kwanza, nani anamkopesha nani, mizani ni ya nani, maji yanatoka wapi.

Kila ziara hakikisha una aina hizi, maana mara nyingi wanaoanza wanarudi na sura tupu: picha pana inayoonyesha mahali, mtu na kazi yake kwa umbali wa mita mbili, mikono na zana kwa karibu, watu wawili wakiwa na jambo kati yao, na mahali pakiwa patupu kabla ya kufungua au baada ya kufunga. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo mtazamaji hajui watu hawa wameutengeneza mtaa kutoka kwenye nini.

Kuchagua: usichague siku hiyo hiyo. Ngoja wiki, harufu ya samaki ikutoke, utazame picha na si kumbukumbu. Pitia 600 haraka, weka nyota moja kwa kila inayokusimamisha. Zibaki kama 60. Zirudie, zibaki 25. Hizo zichape ndogo ndogo hata kwenye karatasi ya kawaida, zitandaze juu ya mkeka, na uanze kuzisogeza kwa mkono. Mbili zinazosema jambo moja, toa iliyo dhaifu hata kama uliteseka kuipata. Ukifika 12 mwonyeshe mtu asiyepiga picha na ukae kimya. Anapouliza "huyu anafanya nini?" ujue picha hiyo haijajitosheleza au maelezo yake yamepungua.

Kurekebisha: mwanga, rangi, kunyoosha na kukata kidogo kingo, sawa. Kufuta nyaya, kuondoa mtu, kuongeza mawingu, hapana. Na usimwambie mtu arudie kitendo kwa ajili yako. Picha ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri, lakini si ya mtaani tena na hupaswi kuiweka pamoja na nyingine.

Mlinzi_wa_Kadi

Na andika maelezo usiku huo huo, tafadhali sana. Ulisema unataka picha za kutazamwa baada ya miaka ishirini. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na leo watu wanazipekua picha zake wakiutafuta mji wa babu zao. Swali la kwanza la kila anayeshika picha ya zamani ni hilo hilo: hapa ni wapi, na ni mwaka gani? Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Aliyepiga picha za kawaida mle ndani kabla ya usiku huo, za watu wakipima maharage tu, ana kitu ambacho hakirudiwi, ila kama hakuandika tarehe na upande gani wa soko, nusu ya thamani imepotea.

Kwa hiyo kwenye daftari au simu: tarehe, saa, mtaa na pembe ya mtaa, nini kinafanyika, jina la kazi kama wenyewe wanavyoiita, na bei ya kitu kinachouzwa. Majina ya watu yaweke kwenye daftari lako, si mtandaoni. Faili zipe majina yanayojipanga zenyewe, mfano 20250614_feri_001, mwaka ukitangulia. Programu ya digiKam ni ya bure na inaweza kuandika maelezo ndani ya faili lenyewe, yasipotee ukihamisha.

Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nyumbani kwa ndugu au mtandaoni. Kadi usiifute mpaka nakala mbili ziwepo na umezifungua kuhakikisha zinasoma. WhatsApp si hifadhi. Inazibana picha, na ya kuchapwa hairudi.

Dada_Lenzi

Kabla hujarudi Feri Jumamosi, chapa kumi za wale uliowapiga mara ya kwanza. Andika tarehe nyuma kwa kalamu ya risasi, wino wa kalamu ya kawaida unaweza kuchafua picha. Zitie kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya maji, na uzigawe kabla ya kuitoa kamera.